Spika kwanza, amplifaya baadaye

Habari zenu wapenzi wa muziki wa nyumbani, barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, amplifaya gani inafaa spika gani. Nimechagua tano. Ya kwanza nitakaa nayo sana kwa sababu shida ya huyu kaka nimeikuta kwenye nyumba nyingi hapa Dodoma tangu watu waanze kuhamia na vyombo vyao vizuri kutoka Dar.

*Shikamoo mwalimu. Nilihamia Dodoma na ofisi, naishi Iyumbu, sebule mita 6 kwa 5, chini taili juu jipsamu. Mwaka jana nilipata spika ndefu za kusimama chini, zimetumika Ulaya, nyuma zimeandikwa omu 4 na desibeli 86, nilitoa hela ya maana kabisa. Naziendesha na resiva ya hom thieta niliyotoka nayo Dar, imeandikwa wati 100 kila chaneli. Nikipiga taratibu inakuwa safi, ila nikipandisha, kwaya ikifika pale sauti zote nne zinaingia pamoja na kinanda, resiva inazima yenyewe na taa nyekundu inawaka. Fundi alikuja na mita yake akapima spika akapata 3.3, akasema zimekufa hizo niuze. Nifanyeje? – Msomaji, Iyumbu*

Marahaba kaka. Kwanza kabisa usiuze hizo spika, tafadhali. Spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukiipima kwa mita ya fundi lazima ikupe kitu kama 3 hadi 3.5, kwa sababu ile mita inapima ukinzani wa waya wa koili peke yake kwa umeme wa betri, na ile ya omu 8 itakupa kama 5.5 hadi 6.5 hivi. Kwa hiyo 3.3 ni habari njema, koili ni nzima. Angepata sifuri au mita ikakataa kusoma kabisa hapo ndio tungeanza kusikitika.

Sasa tuje kwenye resiva. Hiyo wati 100 iliyoandikwa mbele fungua kile kitabu chake usome maandishi madogo, mara nyingi sana utakuta imepimwa kwa omu 6, chaneli moja tu ikifanya kazi zingine zote zimelala, kwa toni moja ya hezi 1000, na wakati mwingine sauti ikiwa imeshaharibika asilimia 10. Wewe unaipa omu 4, chaneli mbili kwa pamoja, na muziki wenye besi. Ni mtihani mwingine kabisa huo.

Angalia hesabu hii maana ndio roho ya jambo lote. Amplifaya inatoa volti, spika ndio inaamua itavuta ampea ngapi. Tuseme umepandisha mpaka inatoa volti 20. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, hiyo ni wati 50. Ya omu 4 kwa volti zilezile itavuta ampea 5, wati 100. Ikishuka mpaka omu 3 inavuta karibu ampea 6.7, wati 133, na hujagusa kitufe cha sauti hata kidogo, ni spika yenyewe imeomba. Na omu ya spika haitulii, ile namba ya nyuma ni jina tu, kila noti ina ukinzani wake. Utaratibu wa kimataifa unasema ukinzani wa chini kabisa usipungue asilimia 80 ya jina, yaani spika ya omu 4 isishuke chini ya 3.2, ila kuna watengenezaji wakubwa hawaufuati. Chukua KEF LS50, ile ndogo nzuri iliyotoka 2012, jina lake ni omu 8 lakini KEF wenyewe wameandika inashuka hadi 3.2. Na spika ndefu nyingi zinashukia kulekule kwenye besi ambako kinanda na ngoma ndio vina nguvu zao, halafu hapo volti na ampea haziendi kwa mguu mmoja, amplifaya inabaki na mzigo ambao sehemu kubwa unageuka joto ndani ya transista zake. Resiva yako ikiona ampea zimezidi inajizima ili isiungue. Imefanya kazi yake vizuri, ishukuru, ila ndio inakuambia haiwezi huo mzigo.

Resiva nyingine zina swichi nyuma au kipengele kwenye menyu cha kuchagua omu 4. Ukikiona usifurahi haraka. Kile kwa kawaida kinapunguza volti za ndani ili mashine isipate joto sana, hakikuongezei nguvu, kwa hiyo itazima mara chache ila kwaya itakuwa imebanwa kifua.

Sasa unahitaji wati ngapi kweli? Ile desibeli 86, yaani ukubwa wa sauti inayotoa spika, imepimwa kwa volti 2.83 mita 1 mbele ya spika. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1, lakini kwenye omu 4 ni wati 2, kwa hiyo yako kwa wati 1 inatoa 83 tu. Watu wengi sana wanapotea hapa na wauzaji hawasemi. Ukikaa mita 3.5 unapoteza kama desibeli 11, unarudishiwa kama 3 kwa kuwa spika ni mbili, na nyingine 3 hivi zinatoka kwenye kuta, basi kwenye kochi lako wati 1 kila upande inakupa kama 78. Hiyo kwa kusikiliza kawaida inatosha na kubaki, ukiwa kwenye 75 unatumia nusu wati. Nusu wati! Ila muziki hauendi kwa wastani. Umewahi kusimama karibu na kina mama wa Kigogo wakipiga muheme? Wanaimba, wanatembea na mdundo, halafu lile pigo linashuka na unalisikia kifuani, lile pigo linaweza kuwa desibeli 20 juu ya wastani wa wimbo. Desibeli 20 ni nguvu mara 100. Kwa hiyo nusu wati yako kwa sekunde isiyokamilika inakuwa wati 50, na kama amplifaya haina hizo 50 pigo linakatwa kichwa na wewe unasikia ngoma imekuwa debe.

Kwa sebule yako na spika zako mimi ningetafuta amplifaya ya stirio ya kawaida, chaneli mbili, iliyoandikwa wati 80 hadi 100 kwa omu 8 na ambayo maelezo yake ya kiwandani yanataja pia omu 4, na ile ya omu 4 iwe kubwa zaidi waziwazi, kama 140, 150 na kuendelea. Hapo ndipo pa kutazama kuliko pote. Inayosema 100 kwa omu 8 na 180 kwa omu 4 ina transfoma na kapasita za kweli ndani. Inayosema 100 halafu 115, au inayokaa kimya kuhusu omu 4, au nyuma imeandikwa omu 6 hadi 16 tu, iache dukani. Na yale mambo ya PMPO, zile wati za matangazo, elfu kumi kwenye maboksi ya sabufa hata usiyasome, tafuta neno RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Zamani tulikuwa tunabeba amplifaya mkononi kusikia uzito wa transfoma, ujanja huo bado unafaa kwa zile za klasi AB, muundo wa kawaida wa siku nyingi, ila zile za klasi D ni nyepesi na zina nguvu kweli, zinapeleka karibu asilimia 90 ya umeme kwenye spika badala ya kuupoteza kwa joto, kwa hiyo usizidharau kwa uzito wake.

Kama hutaki kuamini hesabu zangu pima mwenyewe, mimi nimefanya hivi hapa kwangu Nzuguni. Piga wimbo wako wa nguvu kuliko zote mpaka unapoona sasa inatosha, weka alama kwenye kitufe usikisogeze tena. Zima, chomoa spika. Halafu cheza toni ya hezi 120 iliyorekodiwa desibeli 12 chini ya kiwango cha juu kabisa cha rekodi, faili za namna hiyo zinapatikana bure, na pima volti za AC kwenye matundu ya spika bila ncha za mita kugusana. Zidisha mara 4, hiyo ndio volti ya juu kabisa ambayo wimbo ungeomba, izidishe kwa yenyewe kisha gawa kwa omu za spika. Mimi mita ilisoma 2.6, mara 4 ni 10.4, nikazidisha nikagawa kwa 8 nikapata wati 13 na nusu. Na nilikuwa nimepandisha mpaka jirani kachungulia. Spika zangu ni nyepesi kuendeshwa kuliko zako na sebule yangu ndogo, wewe utapata zaidi, lakini utajua namba yako hutabahatisha. Ila kipimo hiki ni cha amplifaya za transista peke yake, ya valvu, zile taa za kioo za zamani, usiiwashe kamwe bila spika, nitaeleza huko chini.

La mwisho kaka, taili chini, jipsamu juu, vioo vya alumini ubavuni, hiyo sebule inalia yenyewe. Kabla ya kununua chochote tandika kapeti zito kati ya spika na kochi na weka mapazia mazito yenye mikunjo, utashangaa sauti za waimbaji zinavyojitenga. Na hiyo amplifaya mpya usiifungie ndani ya kabati la tivii, Oktoba ya hapa na joto lake inahitaji kama sentimita 15 za hewa juu yake, na vumbi letu hili la kiangazi lipulize kwa brashi laini kila baada ya miezi michache ikiwa imechomolewa, likijaa kwenye mapezi ya kupozea linakuwa kama blanketi.

*Mkuu naomba unisaidie, spika zangu zimeandikwa wati 100, muuzaji anasema nikinunua amplifaya ya wati 150 nitaziunguza nichukue ya wati 40 ndio salama. Ni kweli? – Kijana wa Area C*

Hapana mdogo wangu, na hili naliongea kwa uchungu kwa sababu limenigharimu. Miaka ya nyuma kulikuwa na kipaimara nyumbani kwa ndugu, nikapeleka spika zangu nzuri ila amplifaya yangu kubwa ilikuwa kwa fundi, nikatumia kadogo ka wati 30. Watu wakajaa, muziki hausikiki uani, mtoto mmoja akapandisha mpaka mwisho nami nilikuwa kwenye wali sikuona. Niliporudi karibu nikasikia sauti imekuwa kavu, zile s za mwimbaji zinakwaruza kama mchanga kwenye sufuria, nikashusha lakini twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zote mbili zilikuwa zimeshanyamaza. Nilifungua moja nikakuta uzi wa koili umekatika na gundi yake imekuwa kahawia. Wati 30 zimeua spika za wati 120.

Sababu yake ni hii, amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake haitoi zaidi, inakata vichwa vya mawimbi vinakuwa bapa kama meza. Wimbi bapa lina nguvu kubwa kuliko wimbi la mviringo, linaweza kufika mara mbili ya wati zilizoandikwa, na kona zake zinazaa masafa ya juu ambayo hayakuwepo kwenye wimbo na yote yanakimbilia twita. Halafu besi inakuwa imegota dari wakati sauti nyembamba bado zinaendelea kupanda, kwa hiyo twita inakula sehemu isiyokuwa yake. Twita kwa muda mrefu inavumilia wati chache tu, ile 100 ya nyuma ya boksi ni ya spika nzima kwa muziki wa kawaida.

Chukua ya 150 na uwe na mkono wenye adabu. Maana na kubwa nayo inaua ukiikosea heshima, wufa, ile spika kubwa ya besi, ikianza kugonga au ukinusa harufu ya kuungua shusha papo hapo.

*Nyaya je? Kutoka amplifaya hadi spika ni mita 6, dukani wananiambia waya wa bei mbaya ndio sauti inatoka. – Kisasa*

Waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 2.5, ule wa nyuzi nyingi unaopinda. Mita 6 kwenda na kurudi ni 12, ukinzani wake hauzidi sana omu 0.09, hata kwa spika ya omu 4 hujapoteza kitu cha kusikika. Angalia usiuziwe alumini iliyopakwa rangi ya shaba, kwaruza ncha kwa kisu, ikiwa nyeupe ndani rudisha. Hela iliyobaki nunua kapeti.

*Mwalimu shikamoo, mimi ni mwalimu mwenzio hapa Mpwapwa. Mjomba wangu aliyekaa Ujerumani miaka mingi ameniachia amplifaya ya valvu, wati 10, nyuma ina matundu yameandikwa 4 na 8. Ni nzuri mno ikiwaka usiku. Nitafute spika gani? – Dada wa Mpwapwa*

Marahaba dada, umerithi kitu cha thamani, na mjomba alikupenda. Hapa sasa mambo yanageuka, ampea siyo wasiwasi mkubwa tena, wati ndio chache, kwa hiyo tafuta spika nyepesi kuendeshwa, desibeli 92 na kwenda juu, na ukinzani wake usiwe wa kupanda na kushuka sana. Ili uone tofauti ilivyo kubwa, Klipschorn ya Paul Klipsch wa Arkansas, aliyefungua kampuni yake 1946, inatajwa kuwa na desibeli 105, wakati LS50 niliyoisema ina 85. Tofauti ni 20, maana yake wati 1 kwenye ile kubwa inalia sawa na wati 100 kwenye hii ndogo. Ile Klipschorn ni kabati la kona, Mpwapwa sidhani kama utaipata, lakini spika za zamani za wufa kubwa ya inchi 10 au 12 na karatasi nyepesi bado zinapatikana kwa wauza vitu vya Ulaya, kagua tu mpira au sponji inayozunguka wufa, sponji ya zamani inasagika ukiigusa. Usishawishike na vidogo vya desibeli 83 hata viwe na jina kubwa. Hata zile LS3/5A za BBC za miaka ya 1970, ambazo watu wanazipenda hadi leo, zina 82 na kidogo tu, zilibuniwa kwa ajili ya gari la matangazo ambako fundi wa sauti anakaa nazo uso kwa uso.

Spika ya omu 8 ichomeke kwenye tundu la 8, ya omu 4 kwenye la 4, halafu jaribu na la pili usikilize, hakuna kitakachoungua kwa sauti ya kawaida na wakati mwingine besi inakaa vizuri zaidi kwenye 4. Ila usiiwashe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo volti zinapanda ndani zenyewe mpaka inatoboka, na transfoma hiyo ndio moyo wa mashine, kuisuka upya ni kazi na gharama. Tena usimruhusu fundi yeyote aingize mkono kwa sababu tu imechomolewa, ndani mna volti mia kadhaa zinazobaki kwenye kapasita.

Nikuombe kitu kimoja, siku ikikaa sawa tafuta rekodi ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mwenzetu wa Dodoma aliyefariki 2003, sikiliza ilimba yake, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa hizo valvu. Kila ulimi wa chuma unapoachiliwa kuna kamlio kadogo ka kutetema nyuma yake, kwenye mfumo uliofanana vizuri kanasikika mpaka kanapoisha. Mimi nikienda kukagua amplifaya ya mtu nabeba hiyo.

*Kaka habari, ndugu yangu yuko Marekani anataka kunitumia amplifaya nzuri sana imetumika bei rahisi, nimwambie atume? – Kondoa*

Subiri kwanza. Marekani umeme wao ni volti 120, sisi 230, ukiichomeka moja kwa moja hata wimbo mmoja hausikii. Baadhi ya amplifaya nyuma zina swichi ya kuchagua volti, nyingine nyaya za transfoma zinabadilishwa ndani na fundi mwenye mchoro wa mashine hiyo, na nyingine haziwezekani kabisa, ni za 120 mpaka zinakufa. Kwa hizo utahitaji transfoma ya kushushia umeme yenye uwezo kuzidi ule ulioandikwa nyuma ya amplifaya, ukiona imeandikwa wati 600 nunua ya 1000 hivi, na ujue kuwa yao ni hezi 60 yetu 50, transfoma za ndani zitapata joto zaidi kidogo ya kwao. Ikiwa ya soko la Japani ni volti 100, usiiweke kwenye transfoma ya 120 ukadhani ni kitu kimoja. Weka na frijigadi njiani, hapa kwetu umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi na hasira, acha dakika kadhaa zipite kabla mashine haijapokea. Mwambie apige picha ya bamba la nyuma, pale penye volti na hezi, akutumie kabla hajalipia mzigo.